Munganga wa Chuma cha Kukwaruza

Mama yangu mzazi alitoboa sufuria kwa kuisugua. Siongopi. Hapa kwetu kwenye ukingo wa ziwa, asubuhi wamama wanashuka na vyombo, wanachota mchanga wa pembeni ya maji, wanauchanganya na majivu, halafu wanasugua. Wanasugua, wanaimba, wanasengenya. Sufuria ikitoka pale inawaka, unaweza kujitazama ndani yake ukanyoa ndevu. Na mwanamke akianika vyombo vyake juu ya kichanja, wapita njia wanaangalia matako ya sufuria kabla hawajamwangalia mwenyewe usoni.

Sasa mama alisikia kwamba shangazi yetu anakuja kutoka Kiringye, dada ya baba, mwenye jicho la kutafuta makosa. Akabeba sufuria yake kubwa ya bugali, akaenda kuisugua kama mtu anayegombana nayo. Akasugua, akainua aangalie, hajaridhika, akasugua tena. Mara ya mwisho alipoiinua aliona jua limeingia mle ndani. Kumbe ni tundu! Baba alicheka mpaka akakaa chini. Ikabidi bugali ya shangazi ipikwe kwenye sufuria ya jirani, na ile ya jirani ilikuwa nyeusi kama kisigino changu. Shangazi aliitazama ile sufuria, halafu akamtazama mama. Mama alikufa mzee sana na bado aliongea juu ya yale macho.

Naanza na sufuria kwa sababu mke wangu, Mama Furaha, alijifunza kusugua kwa mama yangu. Akaiga yote, akaongeza na ya kwake. Ndani ya nyumba yetu hakuna kitu chenye kukwaruza kinachopata amani. Kijiko, kufuli, bawaba ya mlango, vyote vinang'aa. Na siku moja alisugua kitu ambacho hakikutakiwa kusuguliwa hata kidogo, na mwenye kitu hicho ni yule munganga wa mifupa, daktari wa opitali. Haya, nimefika kwake.

Jina lake silitaji. Hapa Kimanga tulimwita Munganga, basi, kama vile mji mzima hauna mwingine. Ukoo wake sikuuliza, na yeye wa kwangu hakuuliza. Alipanga nyumba nyuma ya kwetu miaka mingi, na kila alipokwenda opitali alipita mbele ya mlango wangu, mahali ninapokaa kushona nyavu. Huyo hakupita hivihivi. Alipita akigusa.

Alikuwa na dole gumba ambalo halikutulia. Akipita kwenye ukuta, dole linapita juu ya ukuta. Akishika nyanya sokoni, anafumba macho na kuipapasa, mpaka wauza nyanya wakamtania: "Munganga, unanunua ao unaoa?" Nyavu zangu alizigusa fundo kwa fundo. Siku moja akaniuliza:

"Muzee, juu ya nini fundo ya uzi huu haiteleze, na ya ule mwingine inafunguka?"

"Ule mwingine ni laini mno," nikamwambia. "Unang'aa tu. Hauna meno."

Weee! Aliruka kama nimemwambia amezaa mapacha. "Hauna meno! Minye naongea maneno hayo kila siku kule opitali, hakuna mutu ananisikia!" Akasimama pale na kuanza kunieleza mambo ya chuma na mfupa mpaka jua likageuka, na huko opitali watu walikuwa wanamsubiri. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Chai hakuweza kuingoja ipoe, aliungua ulimi kila asubuhi na kutukana kikombe. Lakini mfupa aliweza kuungoja miezi na miezi, bila kulalamika, kama mama aliye na mimba.

Na msidhani huyo mpenda vya kukwaruza alikuwa yeye mwenyewe wa kukwaruza. Viatu vyake! Viatu vya Munganga viling'aa kuliko sufuria za mke wangu, na Mama Furaha hakupenda hilo hata kidogo. Kichwa alikinyoa mpaka nzi akateleza. Alipiga kelele kwa wauguzi hadi madirisha yakatetemeka, kisha kesho yake akawaletea mandazi ya moto ndani ya karatasi na kuyaweka mezani bila neno. Kanisani aliimba juu ya sauti za wengine wote, na vibaya, na kwa furaha kubwa.

Halafu alichechemea. Hilo ndilo lililotushangaza wote. Munganga wa mifupa, na mguu wake wa kushoto unaenda pembeni kama kapita uliogongwa! (Kapita ni jina letu la ule mtumbwi mdogo unaofuata mkubwa. Mimi nauita hivyo, wengine wanauita vingine, msinipige.) Wenye midomo walisema: kama anajua kazi, mbona hajitengenezi? Mimi nilimuuliza uso kwa uso, maana mzee ana ruhusa ya kuuliza.

"Ndani ya huu muguu iko chuma ya zamani," akasema. "Laini, inang'aa vizuri sana. Walinitia nikiwa kijana. Mfupa wangu uliikatalia. Kila hatua inacheza ndani, nasikia."

"Sasa si uitoe?"

"Nani ataitoa, Muzee? Hapa mutu wa kufanya kazi ile ni minye peke yangu. Nijipasue nikijiangalia kwenye kioo?" Akacheka, akagusa ukuta wangu, akaenda.

Basi, na mimi zamu yangu ikafika. Nilikuwa natoka Luvungi, nimekwenda kuwasalimia wakwe, narudi juu ya pikipiki na gunia la mihogo mgongoni na mwenye pikipiki anayeimba. Mbuzi akakatiza barabara. Mbuzi alipona. Mwenye pikipiki alipona. Mihogo ilipona! Mimi nikasikia sauti ndani ya nyonga, kama kuni kavu, na nilipotaka kusimama, mguu ulikuwa umeshaenda shauri lake.

Munganga aliangalia radio. Radio tunaiita ile picha ya mifupa, siyo ile ya habari. Akasema shingo ya mfupa wa paja imekatika, na kwa umri wangu haitaunga yenyewe. Lazima akate kichwa kile, atie kingine cha chuma, chenye mguu mrefu unaoshuka ndani ya uwazi wa mfupa.

"Nitatembea?" nikauliza.

"Utatembea na bekiye kwanza." Hizo bekiye ni magongo ya kwapani.

"Siulizi bekiye. Nauliza mchanga."

Akanielewa palepale. Kutoka kwangu mpaka ziwani ni kipande kidogo tu, lakini chote ni mchanga laini, na gongo linazama ndani yake kama kijiko ndani ya uji. Mtu wa bekiye haendi ziwani. Anabaki juu barabarani anasikia maji tu. Maisha yangu yote nimeamka nikaenda kunawa uso kwenye ziwa lile. Kama nisingefika tena pale kwa miguu yangu, basi mimi ni nani? Mzee wa kuwekwa kwenye kiti na kusogezwa jua likimfikia.

"Mchanga," akasema polepole, "hiyo haiko kazi yangu. Minye nitatia chuma. Kushika ni kazi ya mfupa wako. Ukishika, utakwenda mpaka mu maji. Ukikataa, utakuwa kama minye." Akapiga paja lake.

Jioni ile, nimerudishwa nyumbani kungoja siku ya kupasuliwa, alikuja kumtuliza Mama Furaha, akaleta mfukoni chuma cha mfano, kile wanachoonyeshea watu. Kirefu kama bamba la kisu, chembamba chini, na mwili wake wote umejaa chuya-chuya, yaani vijishimo na vinundu vya kukwaruza, wa kijivu, kama ganda la samaki aliyeparuliwa vibaya. Akatupitishia tukipapase. Akatueleza, akasahau chai yake, akakumbuka, akaungua, akaitwa opitali mbio. Chuma kikabaki mezani.

Mnaona sasa inapoelekea?

Mama Furaha alikiangalia kile chuma usiku mzima kwa jicho baya. Asubuhi akanong'ona: "Baba Furaha, hii njo watatia ndani yako? Imeliwa na kutu!"

"Acha, mama. Munganga anajua."

"Anajua kupasua. Kusafisha hajui. Mwanaume anayeishi peke yake!"

Mimi nililala, dawa za maumivu zilinichukua. Yeye akashuka ziwani. Mchanga, majivu, akasugua. Chuma kile kigumu, hakikumjali. Mwingine angekata tamaa, lakini huyu ni mwanafunzi wa mama yangu! Akakipeleka kwa fundi anoaye mapanga kwa mashine, pale njia panda, akamsimamia kichwani mpaka chuma kikalainika pande zote, kikang'aa kama kijiko cha harusi. Akakifunga ndani ya kitenge kipya. Munganga aliporudi kukichukua, akamkabidhi kwa mikono miwili na goti chini.

Munganga akafungua. Dole gumba likapita. Likarudi. Akafumba macho. Nilidhani ataangusha paa kwa kelele.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "nani alifanya hii?"

"Ni minye, Munganga. Haikufaa kuingia ndani ya mutu vile."

Akaanza kucheka. Alicheka akashika meza, mguu wake mbovu ukamponyoka, akakaa juu ya gunia la nyavu na bado anacheka, machozi yanatoka. Mama Furaha akaanza kulia, maana alidhani ameharibu mguu wangu.

"Usilie, Mama! Hii ni ya kuonyeshea tu. Ya Muzee iko ndani ya boksi, imefungwa, hata minye sina ruhusa ya kuigusa na mukono mutupu. Apana, ngoja! Ngoja! Bugali iko?"

Bugali ilikuwepo, ndiyo kwanza imeiva, ya mihogo, inafuka. Munganga akatoa ndani ya mkoba wake chuma cha mfano cha pili, pacha wa kile, lakini chenye chuya-chuya zake zote. Akavichoma vyote viwili ndani ya chakula chetu cha mchana, kimoja huku, kingine kule.

"Tungoje ipoe na ikauke," akasema. Yeye, wa kutongoja chai!

Tukaikalia ile bugali kama watu wanaolinda maiti. Jirani mmoja alichungulia, akaona vyuma vimesimama ndani ya chakula, akarudi kwake bila kubisha hodi. Ilipokauka, Munganga akamwita mke wangu. "Vuta ile ulisafisha."

Akavuta kwa vidole viwili. Kikatoka chap, kisafi, kimeacha shimo zuri laini nyuma yake.

"Sasa vuta ile ingine."

Akavuta, hakitoki. Akavuta kwa nguvu, kikatoka na nusu ya bugali imekishika, imeingia ndani ya kila kishimo, inaning'inia. Mama Furaha akaweka mkono mdomoni.

"Unaona?" Munganga alisimama, jasho kichwani. "Lakini bugali imekufa, inanata tu. Mfupa uko hai! Mfupa unachagua! Minye nikitia chuma, damu inaganda juu yake, inafanya nyuzinyuzi kama nyavu ya Muzee. Juu ya nyavu ile vinakuja vitu vidogo hai, chembe za mfupa, jicho haliwezi kuviona. Vinapapasa! Kama hivi!" Akapapasa meza kwa vidole vyote kumi. "Vikikuta pote laini, vinakaa kidogo, vinalegea, na mahali pale panaota ngozi ya kovu tu, ulaini mutupu, chuma inacheza ndani. Vikikuta vishimo vya kipimo chao, vinatanua miguu, vinashika, vinatulia. Vikitulia vinaanza kujenga. Mfupa mupya unaingia ndani ya kishimo, unafunga. Chuma na mutu vinakuwa kitu kimoja!"

"Basi ingefaa kuwa na mashimo makubwa zaidi," nikasema mimi, najifanya nimeelewa.

"Apana! Makubwa mno, uchafu na vidudu vinajificha mle. Ni kipimo, Muzee. Kipimo." Kisha akamgeukia Mama Furaha, ambaye bado ameshika chuma chake kinachong'aa. "Na weye usifikiri huna haki. Kichwa cha juu, ile tufe inayozunguka ndani ya nyonga, ile lazima iwe laini kuliko sufuria zako zote. Ikikwaruza pale, itamumaliza Muzee. Kwa hiyo iko mahali pako na mahali pangu. Weye juu, minye chini."

Mke wangu akafuta machozi kwa kitenge. Tangu siku ile hakuchukia tena viatu vya Munganga. Bugali tuliila.

Akanipasua. Hiyo siielezi, nililala. Kilichokuwa kigumu ni baada ya hapo, kwa sababu alinikataza kukanyaga. "Chuma ikitikisika siku hizi za kwanza, zile chembe zinakimbia," alisema. "Ni kama unajenga na mutu anatikisa ukuta. Kaa." Mimi kukaa! Majirani wakaja na maji ya moto na mafuta, wanataka kunikanda kama tunavyokandwa huku kwetu tukivunjika. Mama Furaha akaweka kiti mlangoni akakikalia, mwiko mkononi. Hakuna mkandaji aliyepita. Mtu mmoja alimwambia anamfunga mume wake kama mbuzi. Akajibu: "Mbuzi njo ilimuvunja. Rudi kwako."

Nililala pale nikisikia ziwa. Nikawa nawaongelesha wale wadogo wa mle ndani. Nawaambia shikeni, shikeni jamani, mkishika nitawapeleka kwenye maji. Mtacheka. Lakini kama ni kweli wako hai, si wanasikia?

Radio ya kwanza haikuwa nzuri. Munganga aliiinua dirishani, na mimi nilijua, kwa sababu dole lake lilitulia. Pembeni ya chuma, mahali pamoja, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama ufa. Pale mfupa ulikuwa bado haujagusa chuma.

"Itafunga?" nikauliza.

"Sijui." Mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo. "Ule mustari ukinenepa, ndio muguu kama wangu. Ukipotea, ndio muguu wa kwenda mchangani. Rudi ukalale. Na usikanyage, Muzee, nakuomba. Sikuamuru. Nakuomba."

Alitoka akichechemea kuliko siku zote.

Akawa anapita kwangu kila asubuhi, na hakugusa ukuta tena, aligusa nyonga yangu juu ya shuka, kidogo tu, kama mtu anayepapasa samaki ndani ya maji asimwamshe. Mimi niliuona ule mstari kila nilipofumba macho.

Siku ya radio ya pili aliniacha kwenye korido, kwenye kitanda cha magurudumu, akaingia peke yake. Halafu nikasikia kelele! Nilidhani anagombana na muuguzi. Mlango ukafunguka kwa teke, akatoka ameshika ile picha juu ya kichwa kama bendera ya mpira.

"Umepotea! Muzee, umepotea kabisa! Angalia! Tafuta! Tafuta mustari!"

Nikatafuta. Mfupa mweupe na chuma cheupe, vimekumbatiana, huoni pa kupitisha hata uzi. Munganga akacheza katikati ya korido, na mguu wake ule mbovu unakwenda upande wake na yeye upande wake, wagonjwa wanapiga makofi, muuguzi mkubwa anasema "Munganga, watu wanaangalia," na yeye anajibu, "Wacha waangalie! Waje waguse!"

Nilianza na bekiye mbili, kisha moja. Siku niliyoacha ya mwisho, nilivua viatu mwisho wa barabara, nikaweka mguu kwenye mchanga. Ukazama. Mguu mzima ukazama kama unavyotakiwa kuzama, na nyonga ikasimama. Hakuna kilichocheza ndani. Mama Furaha alikuwa nyuma yangu na sufuria zake, anajifanya amekuja kusugua. Nilikwenda mpaka maji yakanifika magotini, nikanawa uso, na wanawake wote waliokuwa pale wakapiga vigelegele, wengine hata hawajui kwa nini.

Tangu hapo nashuka kila asubuhi. Na ni pale pale ukingoni nilipomwona Munganga mara ya mwisho.

Alikuwa anakuja kwa mchanga, viatu vyake vinavyong'aa mkononi, mkoba mgongoni. Nikamuuliza safari ya wapi. Akasema amepata munganga mwingine, mbali, ambaye amekubali kumtolea ile chuma laini na kumtia ya kukwaruza.

"Ulisubiri nini miaka yote?"

Akaangalia miguu yangu ndani ya maji. "Nilikuwa naogopa," akasema. "Kuelezea bugali ni rahisi. Halafu nikakuona weye unapita hapa kila siku, kama kijana."

Mama Furaha, aliyekuwa pale na vyombo vyake, akampa mandazi ndani ya kitenge, kile kile alichofungia chuma. Nikamwambia nimsindikize mpaka kwenye gari, nibebe mkoba, kwani mimi sasa ndiye mwenye miguu. Akakataa. Akaweka dole gumba lake juu ya nyonga yangu, akafumba macho, akaibonyeza kidogo.

"Iko inashika," akasema. "Nitarudi, tutashindana mbio hapa hapa."

Akaenda, kushoto kwake kunavuta mstari mrefu ndani ya mchanga. Nilimtazama mpaka akawa mdogo. Hakugeuka. Hajarudi.